MWENYE KOVU USIDHANI KAPOA: KWA KIJANA ANAYETAKA KURUDI KWENYE VYUMA BAADA YA UPASUAJI WA KANO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Kuna kijana wa huku Saadani ameniandikia. Nimemwomba ruhusa nimjibu hadharani bila kumtaja jina, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kazi yake ni kupakia viroba vya chumvi. Jioni hupiga vyuma na wenzake: bomba la chuma, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na benchi la mbao. Siku moja kiroba kilimteleza, akakidaka kwa mkono uliokunjwa. Akasikia kitu kinakatika mbele ya kiwiko, na msuli wa mkono ukajikunja kwenda juu kama yai. Kano ilikuwa imeng'oka kwenye mfupa. Ndugu wakachanga, akapelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji. Sasa yuko wiki ya 9. Kidonda kimefunga, maumivu hakuna.

Anauliza: "Shekhe, wenzangu wananiambia nirudi, mwili unalegea na nyumbani hamna kitu. Mama anasema nisiguse tena chuma maisha yangu yote. Nimsikilize nani?"

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Wenzako wanakuharakisha, na mama anakuhofia. Huruma ya mama ina daraja yake, mheshimu na umjibu kwa upole. Lakini jambo hili wa kuulizwa ni daktari aliyekushona na mtaalamu wa mazoezi tiba. Hao ndio watakaokuambia lini na kwa kilo ngapi. Na wapo watu wa tatu ambao hukuwataja katika swali lako, nao wana deni kwako. Watu hao ni sisi. Nitakuja kwetu mwishoni.

1. KANO NI KITU GANI, NA KWA NINI INACHELEWA?

Mtaani tunaita kila kitu "mshipa". Kano si mshipa wa damu wala wa fahamu. Ni ugwe mgumu, mweupe, unaofunga msuli kwenye mfupa. Msuli unavuta, kano inapeleka ule mvuto mpaka kwenye mfupa, kiungo kinakwenda. Ukishika nyuma ya kifundo cha mguu, juu kidogo ya kisigino, ile kamba ngumu unayoigusa ndiyo kano kubwa kuliko zote mwilini.

Sasa zingatia tofauti hii. Msuli ni mwekundu na umejaa damu. Kano ni nyeupe kwa sababu damu inayopita humo ni kidogo. Panapopita damu nyingi, matengenezo huenda haraka. Panapopita damu kidogo, huenda polepole. Ndiyo maana ukirudi kwenye mazoezi msuli hutuna ndani ya wiki chache, na kano bado iko nyuma. Unakuwa na injini ya lori iliyofungwa kwa kamba ya baiskeli. Injini ikiwaka, kamba ndiyo inayokatika.

Baada ya kushonwa, kano hupita hatua tatu. Ya kwanza ni ya siku chache: uvimbe na joto, mwili unasafisha eneo. Ya pili ni ya wiki kadhaa: mwili unatandaza nyuzi mpya, lakini nyuzi zile zimelala ovyo, kama makuti yaliyotupwa chini kabla hayajasukwa. Ya tatu ni ya miezi mingi, na inaweza kufika mwaka na kuzidi: nyuzi zinapangwa upya kufuata upande wa mvuto na zinakazwa. Katika wiki za mwanzo kinachoshikilia mkono wako ni uzi wa daktari, kano yenyewe bado.

2. KUTOUMWA SI KUPONA

Wazee wetu walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Wengi tunaitumia methali hii kwa mambo ya moyo, lakini kwa kano ni kweli neno kwa neno. Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili au tatu. Maumivu huondoka ndani ya wiki sita au nane. Nguvu ya kano huja baadaye sana. Katikati ya maumivu kuondoka na nguvu kuja pana pengo, na vijana wetu wanaanguka ndani ya pengo hilo.

Kwa kano ya mkono kama ya huyu kijana, madaktari wengi huweka mpango unaofanana na huu: wiki 6 za mwanzo ni za kuilinda, mkono hauruhusiwi kubeba kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Kuanzia hapo mkono unanyooshwa na kukunjwa kwa utaratibu. Kuanzia karibu wiki ya 12 mazoezi mepesi ya kuongeza nguvu yanaingia. Uzito mkubwa hurudi kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Kano ya goti na ya kisigino huenda mbali zaidi, miezi 6 mpaka 12 kabla ya mtu kurudi kwenye kuruka, kukimbia na kuchuchumaa na chuma mabegani. Hesabu yako halisi anayo daktari wako, kwa sababu yeye ndiye aliyeona ndani palivyo.

Basi ndugu yangu, wiki ya 9 bila maumivu ni neema ya kushukuru. Haijawa ruhusa.

3. WALE WALIOMFUTU MGONJWA BILA ELIMU

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) habari ya msafara wa Maswahaba. Mmoja wao alipigwa na jiwe kichwani akajeruhiwa. Usiku ikamlazimu josho. Akawauliza wenzake: je, napata ruhusa ya kutayamamu? Wakamjibu hapana, maji unayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika sana. Akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza hali ya kuwa hawajui, kwani ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Tanabahi, ndugu yangu. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wenzake wa safari, walimpenda, na waliitakidi kuwa wanamsaidia. Lakini walitoa hukumu juu ya jeraha wasilolijua, na jeraha likawashinda.

Leo huyo mjeruhi yuko kwenye benchi la mbao nyuma ya nyumba, na wenzake wanamwambia: "Acha uoga, mbona hata huumwi? Mimi niliteguka nikarudi baada ya wiki mbili." Kuteguka si kukatika kano, na mwili wako si wake. Imepokelewa pia kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya anachokiharibu. Ewe unayewaongoza wenzako kwenye jimu ya mtaa, kumbuka hilo kabla hujamwongezea mtu kopo la zege.

4. HARAKA NA WOGA NI NDUGU

Sasa nigeukie upande wa mama, kwa adabu. Kusema "usiguse tena" nako kuna hatari. Kano isiyovutwa kabisa haipangi nyuzi zake. Ni kule kuvutwa kidogokidogo kunakoiambia mwili: panga nyuzi upande huu, kaza hapa. Mtu anayeulaza mkono miezi sita kwa kuogopa huamka na kiwiko kisichonyooka na msuli uliokonda, na siku atakapolazimika kubeba mtoto wake, kano ile laini itashtuka.

Kuna daktari wa Sweden anaitwa Håkan Alfredson. Alisumbuliwa na maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino. Akataka apasuliwe, mkubwa wake wa kazi akakataa. Basi akaamua aifanyishe kano ile kazi nzito mpaka ikatike, ili wakose budi. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha utafiti juu ya wagonjwa 15 waliofanya zoezi la kushusha kisigino polepole, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Nasisitiza: hiyo ilikuwa kano inayouma, haikuwa iliyokatika na kushonwa, usije ukamwiga. Nimeitaja kwa sababu ilifundisha dunia kwamba uzito, kwa kipimo chake na wakati wake, ni dawa. Na dawa yoyote ukizidisha kipimo huwa sumu.

Mfano wa haraka vijana mnaujua. Kevin Durant, mchezaji mpira wa kikapu wa Marekani, aliumia msuli wa nyuma ya mguu Mei 2019. Baada ya kama mwezi mmoja, Juni 2019, alirudishwa uwanjani kwenye fainali. Alicheza dakika 12, kano ya kisigino cha mguu uleule ikakatika. Baada ya upasuaji alikaa msimu mzima bila kucheza, akarudi Desemba 2020. Mwaka 2021 alivaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Mtu mwenye madaktari wake mwenyewe na fedha zisizohesabika alisubiri karibu miezi 18. Wewe na mimi tuna haraka ya kwenda wapi?

Na mfano wa subira uko karibu zaidi. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipasuliwa kano ya kisigino baada ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Edmonton, alikuwa wa tatu katika mita 10,000, yeye aliyekuwa hajashindwa umbali huo kwa miaka mingi. Wapo waliodhani amekwisha. Mwaka 2008, huko Berlin, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia. Kuwa wa tatu hakukumaliza habari yake.

5. PANDA KWA VITUO

Watu wa pwani hii wanajua kubeba. Saadani na Bagamoyo zilikuwa bandari za misafara, wapagazi wakiteremka kutoka bara na pembe mabegani. Wapo wanaosema jina Bagamoyo linatokana na "bwaga moyo", mahali pa kutua mzigo. Wapagazi wale hawakutoka bara mpaka pwani kwa mwendo mmoja. Walikwenda kwa vituo. Na wewe rudi kwa vituo.

Kituo cha kwanza ni kukaza msuli bila kukisogeza kiungo. Unasukuma meza isiyosogea, unahesabu, unaachia. Cha pili ni mpira: tyubu kuukuu ya baiskeli, funga kwenye nguzo, vuta polepole. Cha tatu ni uzito mdogo unaojulikana. Huna haja ya vyuma vya dukani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Kwa chupa na ndoo unaweza kupanda kwa kipimo cha haki, kilo baada ya kilo. Inua kwa kuhesabu mpaka tatu, shusha kwa kuhesabu mpaka tatu. Kutoka kituo kimoja kwenda kingine, ruhusa anaitoa mtaalamu wako.

Hapo kwenye ndoo nisimame kidogo. Nimemsikia mtu akijisifu kuwa ametii, hajagusa chuma tangu apasuliwe. Lakini kila asubuhi anachota maji kisimani, ndoo ya lita 20, kwa mkono uleule. Ndugu yangu, kano haijui kama hiki ni chuma cha jimu au ni ndoo ya nyumbani. Inajua kilo 20 tu. Kusukuma ngalawa majini, kuvuta jarife, kunyanyua pikipiki iliyonasa mchangani, yote hayo ni kunyanyua vyuma. Hesabu mizigo ya siku nzima.

Kipimo kingine ni asubuhi ya pili. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanayotulia usiku si ya kuogopesha. Ukiamka kesho yake na uvimbe, au maumivu yamezidi, jana ulipita mpaka. Rudi kituo kimoja nyuma.

Na zipo dalili ambazo hazisubiri: umesikia mlio na nguvu zimekwisha ghafla, pamebonyea mahali palipokuwa sawa, kidonda kina joto na usaha, umepata homa. Kwa aliyepasuliwa mguu, ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikabana, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje Ijumaa ipite.

Utaona mazoezi haya ni madogo na yanachosha kwa kujirudia. Ndivyo yalivyo. Lakini sisi ni watu tuliofundishwa kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, hata kama ni ndogo. Tunaitumia kwa nyiradi na rakaa za usiku. Itumie na kwa tyubu ya baiskeli. Bandu bandu huisha gogo.

6. SINDANO, VIDONGE NA SIGARA

Wapo wanaouza sindano za kutunisha mwili haraka. Zile homoni hukuza msuli kwa kasi ambayo kano haiifuati. Rudi kwenye mfano wetu: unaongeza injini, kamba ni ileile. Kwa aliyeshonwa kano huko ni kujitia katika maangamizi kwa mikono yake, na Qur'ani imetukataza hilo.

Na hili wengi hawalijui. Kuna dawa za kuua vijidudu za jamii ya siprofloksasini, ambazo watu wanazinunua dukani wenyewe kwa tumbo au mkojo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kusababisha kano kuvimba na kukatika. Sisemi ni haramu, na daktari anaweza kuwa na sababu ya kukupa. Ninasema usijinunulie, na ukiandikiwa dawa yoyote, tangulia kumwambia: "Mimi nimeshonwa kano." Sigara nayo huchelewesha kupona, kwa kuwa inabana ile damu kidogo iliyokuwepo. Na mwenye sukari aidhibiti sukari yake.

7. UDHU NA SWALA

Wengi wameuliza juu ya plasta na bendeji, kwa hiyo nitapita kwa ufupi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, unaosha palipo pazima, unapangusa kwa maji juu ya kilichofunika kidonda, na unatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa. Kama daktari amekataza hata unyevu juu yake, mueleze shekhe wako akuongoze.

Katika swala, aliyekatazwa kuegemea mkono asiuegemee katika sijida. Aliyepasuliwa goti asilazimishe kukaa tahiyatu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswain, naye alikuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Ruhusa ni zawadi ya Mola wako. Kuikataa ili watu waone una imani kali ni kukosa adabu kwa mtoaji.

8. SASA SISI TULIOCHANGA

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mtu akivunjika, pwani yetu inasimama. Kikundi kinafunguliwa kwenye simu, majina yanaorodheshwa, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Anafika Muhimbili, pale kwenye Taasisi ya Mifupa, anapasuliwa. Tunaandika alhamdulillah, tunafunga kikundi. Michango yetu inaishia mlango wa chumba cha upasuaji.

Lakini tumeshaona kwamba upasuaji ni mwanzo. Baada yake ni miezi sita ambayo mpakia chumvi hawezi kupakia chumvi. Hiyo miezi sita anakula nini? Nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi, kutoka Saadani, na siku nzima ya safari, anaitoa wapi? Kijana ameniandikia kwamba nyumbani hamna kitu. Basi tusimlaumu kwa haraka peke yake. Nusu ya haraka yake ni njaa ya watoto wake. Ukimwambia asubiri, na chungu chake hakina kitu, umempa nasaha na kumnyima njia ya kuifuata.

Na hesabu hii ni ya dunia pia. Akirudi kwenye viroba wiki ya 10 na kano ikang'oka tena, tutachanga mara ya pili kwa upasuaji ulio mgumu kuliko wa kwanza. Rai yangu kwa misikiti yetu ni hii: tukichangia upasuaji, tuchange pamoja na miezi inayofuata. Gunia la unga. Nauli ya kliniki. Aliyekosa kazi kwa maradhi akawa maskini ana fungu katika zaka, basi zaka imfikie bila kumngoja aje kuomba. Na wewe mwenye kazi, una vitabu vya kuhesabia viroba, una geti la kulinda. Mpe kazi ya kalamu miezi minne mtu aliyekubebea mizigo miaka minne. Hiyo ni insafu kabla ya kuwa hisani.

Na kwako kijana wangu: mwambie mama kwamba utanyanyua tena inshaallah, na umweleze kwa kipimo gani, moyo wake utulie. Waambie wenzako waje wakuhesabie hatua zako ndogo badala ya kukucheka. Tumefundishwa kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah, na katika kila mmoja kuna kheri. Nguvu yako bado ipo. Kwa sasa inajengwa mahali usipopaona.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu uponyaji usioacha maradhi. Wape subira waliopasuliwa, wape elimu na huruma wanaowahudumia, na utufungue mikono sisi tulio wazima. Amin.

Mwenye mgonjwa nyumbani amsomee nasaha hii. Na mwenye kikundi cha michango kilichofungwa mapema, akifungue.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.